Jicho la Mzee Opondo

Dorca alikuwa msimamizi wa madereva kumi na wanne katika ghala la vyakula pale Nyamasaria, na mmoja wao ndiye aliyemfundisha kuendesha lori. Alipoajiriwa miaka tisa iliyopita kuwa karani wa mizigo, Mzee Opondo alikuwa akimwita uani Jumapili, wakati magari yote yamelala, anamkalisha kwenye usukani na kumfundisha kurudi nyuma mpaka mlango wa stoo. Nafasi ya usimamizi ilipotokea, meneja, Bwana Kartik, alimwendea kwanza Opondo. Mzee alikataa. "Mpe Dorca," alisema. "Mimi nimezoea barabara."

Kwa hiyo mwezi wa Machi, Opondo aliporudi na kioo cha upande wa kushoto kimevunjika, Dorca hakuuliza mengi. Mzee alisema tuktuk ilimkwaruza pale Ahero. Dorca akaandika hivyo, akatia sahihi. Mwanzoni mwa Aprili bampa ikapasuka, kushoto tena. Mzee alikuwa amegonga nguzo ya geti la shule moja. Dorca aliandika kwamba geti ni jembamba, ingawa alijua kwamba Opondo amelipita geti hilo zaidi ya miaka kumi bila kuligusa. Akatia sahihi tena, lakini siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Wiki ambayo shule zilifunguliwa muhula wa pili, mizigo ilikuwa mingi. Lori la Opondo lilipangiwa kupeleka unga, maharagwe na mafuta ya kupikia katika shule mbili za upande wa Sondu. Dorca akapanda naye. Alimwambia kwamba anataka kuwasalimia wateja. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona akiendesha.

Mpaka Ahero walizungumza vizuri, kuhusu mvua na binti yake Mzee aliyejifungua. Baada ya hapo Dorca alianza kuona jinsi Mzee alivyokuwa akigeuza kichwa chote kila alipotaka kutazama kushoto. Karibu na Katito walimpita mtu wa bodaboda kwa karibu sana hata akalazimika kushuka kwenye majani.

"Mzee, umemwona yule?"

"Yupi?"

Hapo ndipo Dorca alipopaswa kumwambia asimamishe gari. Alikuwa na leseni ya lori mfukoni, na angeweza kuushika usukani yeye mwenyewe. Lakini angeanzaje kumwambia mtu huyu ashuke kwenye kiti chake? Alijiambia kwamba wakifika Sondu watazungumza.

Hawakufika. Kilomita moja hivi kabla ya soko, mama mmoja alikuwa akitembea ukingoni, nje kabisa ya lami, na beseni la nyanya kichwani. Dorca alipiga kelele. Kona ya bodi ya lori ikampiga mama yule begani, beseni likaruka, na nyanya zikatapakaa mbele yao.

Opondo alikanyaga breki. Akamgeukia Dorca, uso umempauka. "Ni nini? Tumegonga nini?"

Dorca hatalisahau swali hilo. Kwa sababu Mzee hakuwa akijifanya. Hakuwa ameona kitu.

Mama yule aliitwa Aloo. Walimkuta ameketi chini, ameushikilia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakulia. Alisema tu, "Nilikuwa nimetoka barabarani. Si nilikuwa nimetoka?" Wakampakia kwenye gari la msamaria mmoja mpaka hospitali, na daktari akasema mfupa umevunjika mahali pawili juu ya kiwiko.

Wakiwa kwenye benchi la nje, Opondo alikuwa na kofia yake magotini.

"Ni presha ya macho," alisema. "Mwaka jana daktari aliniambia hili la kushoto linakufa. Sikurudi tena kwake."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Ungefanya nini? Ungeninyang'anya funguo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, akimwita binti yake kwa Kijaluo, "Nimebakisha miezi saba nistaafu, *nyara*. Wewe ni binti yangu. Sema aliingia barabarani. Ndani ya gari tulikuwa wawili tu."

Simu ya Dorca ililia. Alikuwa Kartik, ambaye habari zilikuwa zimeshamfikia. Aliuliza kwanza kama mama yupo hai, na hilo Dorca alilikumbuka baadaye kwa shukrani. Kisha akasema, "Kama alikatiza ghafla, bima haitatusumbua. Wewe ulikuwa shahidi. Andika vizuri."

Kituoni, polisi aliyeshika kitabu alimwuliza Dorca alichoona. Opondo alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Dorca alisema polepole ili yule polisi apate kuandika. Mama alikuwa nje ya lami. Dereva hakumwona kwa sababu jicho lake la kushoto halioni.

"Na mimi ni msimamizi wake," aliongeza. "Niliona dalili tangu Machi. Nilitia sahihi mara mbili kuzifunika. Leo tena nimeona, na sikumsimamisha."

Polisi aliinua kalamu. "Hiyo ya mwisho sijakuuliza. Una hakika unataka iingie?"

"Iandike."

Opondo alitoa funguo za lori mfukoni, akaziweka mezani mbele ya Dorca. Hakumtazama. Alitoka akitembea polepole, na pale mlangoni bega lake la kushoto likagonga fremu.

Leseni ya Opondo ilifutwa. Madaktari waliliokoa jicho lake la kulia, ambalo nalo lilikuwa limeanza kuathirika. Dorca aliondolewa kwenye usimamizi na kurudishwa kwenye meza ya makaratasi ya mizigo, na kijana aitwaye Griffins akachukua nafasi yake. Madereva waliacha kumsalimia. Akiingia kantini, mazungumzo yanakatika. Hata Kartik alipoagiza kila dereva apimwe macho mara mbili kwa mwaka, wengine walimlaumu Dorca kwa hilo pia. Hakujitetea. Kila mwezi alichukua Jumamosi moja akaenda Sondu kumwona Mama Aloo, ambaye mkono wake ulipona lakini hautanyooka tena.

Mwezi wa Oktoba alimkuta Opondo kwenye kibanda cha Mama Aloo sokoni. Alikuwa amechuchumaa, akichambua nyanya, mbovu pembeni, nzima kwenye beseni.

"Huja siku za soko," Mama Aloo alimweleza Dorca. "Kwao Nyakach si mbali. Mimi siwezi tena kuinua kreti, basi huniinulia."

Opondo aliendelea na kazi yake. Dorca alisimama, hajui aende au abaki.

"Nilikuchukia, nyara," Mzee alisema hatimaye.

"Najua, Mzee."

"Sijamaliza kukuchukia."

"Najua."

Mzee akaivuta kreti tupu, akaigeuza juu chini, akaipangusa vumbi kwa kiganja. "Lakini keti," alisema. "Hizi ni nyingi, na wanunuzi wanakuja."

Dorca akaketi.