Sauti ya Dagane

Ngamia ishirini na tisa wa Weris walifika kisima cha Eldheer saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, baada ya siku tisa bila maji. Jirani yake Khalif alikuwa ameshashuka kisimani na kamba, anachota. Weris alijaza birika mpaka ukingoni, akafungua fundo la kitambaa kiunoni, akatoa simu na kubonyeza wimbo wa baba yake. Kioo kikaandika: "Samahani. Huduma hii haipatikani kwenye mtandao wako."

Akabonyeza tena. Samahani ikarudi vilevile. Ngamia walipanga mstari mbele ya birika, wakayatazama maji, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha shingo.

Pale Eldheer kila familia ina wimbo wake wa kunyweshea, na ngamia aliyezaliwa akiusikia hanywi bila huo. Dagane, baba yake Weris, aliwaimbia ngamia hawa na mama zao kwa miaka arobaini. Alipoanza kukohoa damu, Weris alimkalisha kwenye mkeka, akamshikia simu mdomoni, akamwambia aimbe. Mzee aliimba mara moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, dakika saba. Tangu siku hiyo hakuimba tena wala hakusema neno, kwa sababu sauti yake yote ilikuwa imeingia kwenye simu. Familia haikuona ajabu. Kitu ukishakiweka mahali, mahali pengine hakipo. Dagane alimaliza siku zake akiongea kwa mikono, akazikwa upande wa mashariki wa kisima, na ngamia wakaendelea kunywa kwa simu mwaka mzima.

"Imba wewe," Khalif alisema kutoka chini.

Weris akaimba. Ana sauti ya mtu anayegombana na muuza sukari. Ngamia walimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha wakaigeukia simu.

Khalif alipanda juu, akajifuta matope, akajaribu kuhamisha wimbo uende kwenye simu yake. Kioo kikasema kutumiana mafaili kumefungwa kwa usalama wa mteja. Akatoa laini, akaweka ya kampuni nyingine. Simu ikazima, ikawaka, ikadai laini yake. Yalikuwa yameanza zamani mambo haya. Mwezi wa Rajabu kampuni ya simu ilichukua redio ya simuni. Mwezi wa Shaabani ikachukua njia ya kutumiana picha. Tochi iliachwa, ila sasa inawaka baada ya tangazo. Watu walinung'unika kidogo, wakazoea, na kampuni nayo ikazoea kwamba watu huzoea.

Jumatano ndama wa kwanza alikufa. Alilala ubavu hatua tatu kutoka kwenye maji, akafa akiyatazama. Mama yake alisimama juu yake mpaka jua likapinduka, kiwele kimenywea.

Alasiri Dagane akaja. Alitoka upande wa makaburi akitembea polepole, fimbo mabegani, sanda ameifunga kiunoni kama kikoi. Weris alimsalimia, akamtandikia mkeka, akampa maziwa yaliyokuwa yamebaki kwenye kibuyu. Mzee hakuyagusa. Alikwenda kwa ndama, akampapasa shingo, akarudi, akaelekeza kidole kwenye simu. Kisha akasimama mbele ya birika na kufungua mdomo. Koo lilipanda na kushuka, mishipa ikamtoka, na hakuna kilichosikika. Ngamia wote ishirini na wanane walimsogelea wakamnusa. Hawakunywa.

"Aabo," Weris alimwambia baba yake, "kesho tunaenda Garissa."

Gari la maziwa la Abdiwali hupita Eldheer baada ya sala ya alfajiri. Abdiwali alimtazama mzee, akamtazama Weris, akahamisha jaketi yake kutoka kwenye kiti.

"Mzee akae mbele na mimi," alisema. "Marehemu akikaa nyuma, maziwa inaganda."

Walifika Garissa saa tatu. Ofisi ya kampuni ya simu iko karibu na benki, ina kiyoyozi na mlango wa kioo, na ukutani pana picha kubwa ya mchunga ngamia anayecheka na simu sikioni. Weris hajawahi kumwona mchunga mwenye meno kama yale. Mashine ya foleni ilimpa namba sitini na nne. Dagane haikumpa kitu, kwa sababu ilitaka kwanza namba ya simu.

"Mzee hana namba?" askari wa mlangoni aliuliza.

"Amekufa," Weris alisema.

"Basi aingie, lakini akae kiti ya wasindikizaji."

Walikaa saa mbili na nusu. Mhudumu wao alikuwa msichana aitwaye Ifrah, mtandio wa rangi ya kampuni kichwani, tabasamu limebandikwa. Kabla ya chochote aliwaeleza kwamba mazungumzo ya dirishani yanarekodiwa, kwa hiyo kazini huongea Kiswahili au Kiingereza tu. Weris, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, alikusanya maneno.

"Hii simu imefunga sauti ya baba yangu. Ngamia yangu haikunywa maji siku kumi na moja. Mtoto yake moja imekufa. Wewe fungua sauti, sisi turudi."

"Pole sana kwa usumbufu, eedo," Ifrah alisema. Neno la shangazi lilimponyoka, akatazama kinasa sauti. "Mteja wetu mpendwa. Kulingana na sasisho jipya, simu zetu zinacheza sauti zilizonunuliwa kwenye duka letu la muziki pekee. Ni kwa usalama wako."

"Usalama ya nini? Baba yangu atanifanya nini?"

Ifrah aligeuza kompyuta ili waone. Alisema sauti zote zilizorekodiwa ndani ya simu ya kampuni huwekwa chini ya uangalizi wa kampuni, na mteja mwenyewe alikubali. Akaonyesha orodha. Siku simu ilipofunguliwa iliuliza maswali kumi na moja, na mara zote kumi na moja jibu lilikuwa Kubali.

Weris aliikumbuka siku hiyo. Simu ilikuwa mpya, mezani, na Dagane ndiye aliyeibonyeza, kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba. Khalif alimsomea: inaomba ruhusa ya hiki, inaomba ruhusa ya kile. Dagane alisema mgeni aliyeingia kwako leo, akaomba kwa adabu, hawezi kufukuzwa na jibu la hapana kabla hajanywa hata chai. Akabonyeza Kubali kwa kidole gumba, mara kumi na moja, kila mara akisema karibu.

Sasa mzee aliisoma ile orodha kwenye kompyuta, yeye ambaye akiwa hai hakujua kusoma, na uso wake ukawa na aibu ya mwenyeji aliyeibiwa na mgeni wake. Alijigonga kifua kwa kidole. Alinyoosha mkono kwenye simu, kisha akajigonga tena.

"Anasema yeye ndiye mwenye sauti," Weris alisema.

"Hilo linawezekana," Ifrah alisema. "Mwenye sauti akija mwenyewe, anaweza kuomba. Naomba kitambulisho chake."

"Kitambulisho tulirudisha kwa chifu. Alikufa."

"Naona. Basi tutamthibitisha kwa sauti yenyewe. Nitaicheza sekunde tano, alinganishe na mdomo."

Alibonyeza. Sauti ya Dagane ikatoka kwenye spika ndogo ya kompyuta, nzito, ya chini, ikiita mama wa kundi kwa jina. Dagane akafungua mdomo, na midomo yake ikakaa juu ya kila neno. Bomba la maji ya kunywa pale pembeni likafunguka lenyewe. Huko nje, soko la mifugo lote likanyanyuka. Ngamia waliokuwa wamepigishwa magoti kwa ajili ya mnada walisimama na kamba zao, wakavuka barabara, wakaja kujaa mbele ya mlango wa kioo, mbuzi na punda nyuma yao. Madalali waliwafuata wakitukana. Sekunde tano zikaisha. Wanyama walisimama kidogo wakingoja, na askari akaanza kuwafukuza kwa kirungu.

Ifrah alikuwa anaandika.

"Ni yeye," alisema. "Sauti imethibitishwa."

"Alhamdulillahi. Fungua."

"Ombi limekataliwa. Mwenye akaunti lazima awe hai."

Weris alitazama kinywa kile kilivyosema vile bila kukunjika. Kukataliwa amekuzoea. Chifu humkataa akiwa amenuna, daktari wa mifugo humkataa akiwa na haraka ya kuondoka, na wote wawili angalau huona haya kidogo. Hawa walikiri kwamba kitu ni chako, wakakuchezea ukisikie, wakakifunga, na kukutabasamia. Alijiona kama mtu aliyekunywa maji na kukuta chura ameoza chini ya mtungi. Alitafuta tusi kwa Kiswahili, akakosa lililotosha. Akalisema kwa Kisomali, jembamba na refu, likawagusa wakurugenzi, mama zao na ndevu zao. Ifrah alilielewa lote. Aliinamisha macho, na kwa mara ya kwanza tabasamu likamteleza.

"Eedo, hata ya nyanya yangu wamefunga," alisema kwa sauti ya chini, kisha akabonyeza kitufe kuita namba sitini na tano.

Hawajafika mlangoni, simu ya Weris ikalia ujumbe. "Asante kwa kututembelea. Tatizo lako limetatuliwa. Tupe nyota moja hadi tano." Weris alitafuta pa kuweka sifuri. Hapakuwa na sifuri.

Ijumaa asubuhi walikuta ndama wengine wawili wamelala, na Khalif amekaa ukingoni mwa kisima, mikono magotini, birika limejaa. Weris alipiga namba ya huduma kwa wateja ili alirudie lile tusi mbele ya mtu mwenye cheo. Aliweka spika kubwa, wote wasikie. Mashine ikamkaribisha. Ikamwambia kwamba simu yake ni muhimu sana. Ikamwambia kwamba anaposubiri sasa ataburudika na sauti halisi ya jangwani, zawadi kutoka kwa kampuni. Kisha Dagane akaanza kuimba.

Mama wa kundi alikuwa wa kwanza. Aliinamisha shingo, akanywa, na wenzake wakaja pande zote mbili za birika wakagombania nafasi. Khalif aliruka kisimani bila kufunga kikoi vizuri. Dagane alisimama mahali pake pa miaka yote, fimbo mabegani, midomo ikifuata sauti inayotoka kwenye mkono wa binti yake. Kila baada ya dakika mbili mwanamke wa mashine aliingia katikati: "Tafadhali endelea kusubiri. Wewe ni wa mia tatu na kumi kwenye foleni." Ngamia waliinua vichwa, wakamsubiri amalize, wakaendelea.

Hivyo ndivyo wanavyonywesha Eldheer siku hizi, na si Eldheer tu. Kampuni ilizoa sauti za watu wengi, na kila eneo limewekewa ya kwao, kwa hiyo kutoka Masalani hadi Mandera utakuta watu visimani wameinua simu juu, wanasubiri kuhudumiwa. Waliojaribu kuunasa wimbo huo kwa simu nyingine walipata tangazo la vifurushi, dakika saba. Kila dakika ya kusubiri inalipiwa. Kampuni imetangaza kwamba kaskazini mashariki ndiko wateja wake wanakoipenda zaidi huduma ya simu, wanapiga mara nyingi kuliko Nairobi, na imetuma keki.

Dagane hakurudi makaburini. Hulala karibu na boma, hali, hanywi, na siku ya maji huamka kabla ya wote. Watu wamemzoea. Wanachoomba wakiwa kisimani, wazee kwa vijana, ni foleni iwe ndefu na asipokee mtu.

Juzi mtu alipokea. Ilikuwa foleni fupi, saa tano asubuhi, na wimbo ukakatika katikati ya neno. "Habari ya asubuhi, unaongea na Bishara, nikusaidie vipi?" Ngamia wakainua vichwa pamoja, maji yakidondoka midomoni. Weris alikuwa na mengi ya kumwambia Bishara. Alitazama kundi, akahesabu sita ambao hawakuwa wamefika birikani, akakata simu. Akaanza kupiga upya. Baba yake alibaki amesimama mbele ya maji, mdomo wazi, akingoja kampuni imruhusu kuendelea.