Meno Mawili ya Suraj Mal

Kiharusi kilimnyang'anya Mzee Ajit lugha tatu kikamwachia moja, nayo ilikuwa ile ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeijua. Kiingereza kilikwenda, Kipunjabi kikafuata, na katika Kihindi yakabaki maneno machache, yote ya kugombeza. Kiswahili alichokiokota utotoni Kisumu, akakitumia kwenye karakana ya reli mpaka alipohamia Birmingham mwaka 1968, hakikuguswa. Daktari alisema ubongo una mambo yake. Amandeep, binti yake, alipiga simu kwenye kampuni inayotuma wahudumu kwa wagonjwa majumbani, akaomba mtu wa Kiswahili kama vile mtu anavyoomba fundi wa bomba.

Achieng ndiye aliyetumwa. Kwao ni Ahero, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu. Alifika Kingstanding, mtaa wa Birmingham walikoishi, asubuhi yenye barafu akiwa na dakika arobaini na tano za kumwogesha mzee, kumvisha, kumpa dawa na kumlisha uji. Alipoinama kumvisha soksi, mzee akamuuliza, "Wewe najua Suraj Mal?"

"Simjui, Mzee. Ni jirani?"

"Mfalme."

"Wa wapi?"

"Bharatpur, India. Kabila Jat, kama mimi. Iko kufa sasa miaka mia mbili na sitini."

Achieng akamwambia anyooshe mguu wa pili.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ilikuwa na sura yake. Mzee alisimulia kwa mpangilio, jambo ambalo Achieng hakulitegemea kwa mtu aliyesahau jina la mke wake mara mbili kwa wiki. Siku ya kunyoa alieleza jinsi Wajat, watu wa jembe na ng'ombe, walivyopata mfalme aliyejua hesabu ya mavuno kuliko makarani wake. Siku ya kukata kucha mfalme aliteka mji wa Agra. Siku ya kubadilisha shuka alijenga ngome ya udongo, na kuta zake zilikuwa nene hivi kwamba, miaka arobaini na zaidi baada ya yeye kufa, Waingereza waliishambulia mara nne na mara zote nne wakarudi nyuma.

"Risasi ya mzinga naingia kwa udongo," alisema Mzee Ajit, "nalala huko."

Achieng hakuwa mtu wa wafalme. Wafalme aliwaacha kwenye madaftari ya shule. Lakini siku moja akiwa ndani ya basi aligundua kwamba anawaza habari za watu wa Maratha, ambao jana yake mzee aliwaacha njiani, wameshindwa vita, wanatembea na wake na watoto kwenye baridi ya Januari bila nguo wala chakula. Kesho yake aliuliza kabla hata ya kuvua koti.

"Wale watu walifika?"

"Nafika kwa Suraj Mal."

"Si ulisema walimdharau? Aliwapa ushauri wakaukataa?"

"Ndiyo. Sasa yeye napa nafaka, napa nguo. Na adui iko karibu, naweza kasirika, nakuja choma yeye pia."

"Hakuwaambia neno?"

"Kwanza chakula," alisema.

Siku hiyo Achieng alizidisha dakika ishirini, na ofisini wakamuuliza kama kulikuwa na dharura.

Februari ikafika, na pamoja nayo siku ya kuzaliwa kwa mfalme. Kwa miaka kumi na tisa Mzee Ajit ndiye aliyehutubia sherehe ya chama cha Wajat katika ukumbi mmoja wa Balsall Heath. Mwenyekiti, Bwana Kishore, alikuja nyumbani na sanduku la peremende kumweleza kwa upole kwamba safari hii wamepata msemaji mwingine. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ambia yeye mimi nakwenda," alimwambia Achieng.

Bwana Kishore alishindwa kubishana na mtu ambaye maneno yake hakuyaelewa, akakubali, mradi Achieng atafsiri. Mlangoni akamvuta Achieng pembeni. Mfalme alikuwa na kimo cha futi saba, alisema, na ingefaa watu wasikie hivyo. Pia, mzee akigusa habari za meno, asizitafsiri. Kutakuwa na watoto, na wageni kutoka halmashauri.

"Meno gani?" aliuliza Achieng.

"Ukiyasikia utayajua," alisema Bwana Kishore.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mzee Ajit alisukumwa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, shali mabegani, Achieng kando yake na kipaza sauti. Alianza. Kabla Achieng hajaitafsiri sentensi ya kwanza, wazee kama kumi walicheka. Walikuwa wametoka Nakuru, Jinja, Moshi, na hakuna aliyekuwa amewauliza kuhusu Kiswahili kwa nusu karne.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye kifo. Mfalme alivamiwa karibu na mto Hindon, mzee alisema, akiwa na askari wachache. Maiti haikuonekana. Inasimuliwa kwamba malkia mmoja alikuwa ametunza meno mawili ya mfalme, basi wakayachoma hayo kwa heshima zote za mazishi.

Achieng alimtazama Bwana Kishore. "Aliuawa vitani," alitafsiri, "akazikwa kwa heshima."

Bibi mmoja wa safu ya pili akainuka. Aliitwa Gurdip, mzaliwa wa Jinja, na alikuwa na fimbo.

"Wewe mama, meno hujayasema."

"Samahani, Bibi."

"Sema meno."

Achieng akayasema. Mgeni wa halmashauri akaandika kitu. Watoto, waliokuwa wamesinzia tangu Agra, wakaamka wote na kutaka kujua yalikuwa meno ya mbele au magego. Mzee alisema hajui, na kwamba mtu asiyejua aseme hajui. Futi saba pia hakuzijua.

Kisha akaongeza jambo lisilomhusu mfalme. "Binti yangu nafikiri mimi naisha. Nasema na mimi kwa nguvu kama mimi kiziwi. Ambia yeye mimi nasikia yote."

Achieng alilitafsiri hilo polepole, kwenye kipaza sauti, maana hakuwa na mahali pengine pa kulisemea. Amandeep aliinuka akaenda kuangalia chai. Alikaa huko muda mrefu, na chai ikaja bila sukari.

Jumatatu iliyofuata Achieng alimkuta jikoni na karatasi na kalamu, akitaka maneno. Walianza na maji, baridi, choo, inauma wapi. Amandeep aliyasoma kwa baba yake, akakosea mengi, na mzee akamsahihisha kwa ukali wa msimamizi wa karakana. Bibi Gurdip alianza kuja Alhamisi, bila kualikwa. Wakati huo mzee alikuwa ameshafika kwenye habari za mtoto wa mfalme, Jawahar Singh, mtu wa hasira nyingi, na Amandeep akawa anachelewa kazini.