Kimya cha Pipa la Zubeiri

Mume wangu Zubeiri ni mtu wa haraka, na haraka yake nusura itufukuzishe Pongwe mwaka ule wa hamsini na nne. Alikuwa msimamizi wa pipa la kusagia chokaa. Lilikuwa pipa la chuma, kubwa kama chumba, na ndani yake vyuma vya duara vilizunguka pamoja na mawe na kuyaponda. Kelele zake zilitufuata mpaka jikoni.

Tajiri mwenye kiwanda alimwambia unga utoke mwingi zaidi kabla ya Alhamisi, la sivyo kazi atapewa msaidizi wake, Methusela. Zubeiri akafikiri, na balaa lilianzia hapo. Aliona pipa likienda mbio zaidi, vyuma vitapiga kwa nguvu zaidi. Akaifungulia injini mafuta mpaka mwisho. Pipa likanguruma kidogo, kisha likawa linazunguka kimya kabisa.

"Likipata nguvu ya kutosha halilalamiki," aliniambia, kifua mbele.

Majirani walifurahi mno. Shehe Uweso, ambaye chuo chake cha Kurani kilipakana na kiwanda, alikuwa akifundisha kwa kupaza sauti miaka yote. Sasa alimsikia hata mwanafunzi anayenong'ona. Akasema lazima Zubeiri ashukuriwe. Jumanne ikapikwa pilau, mikeka ikatandikwa uwanjani mwa kiwanda, na mume wangu akakalishwa karibu na Shehe. Alikula sahani mbili. Kwetu mtu akishakula chakula cha shukrani hawezi kuiondoa neema aliyoshukuriwa bila kuaibika.

Kabla dua haijaanza, tajiri akaingia. Akaamuru pipa lisimamishwe na kifuniko kifunguliwe. Mawe yalikuwa vilevile yalivyoingia, labda yameng'aa kidogo.

Zubeiri alichungulia, uso ukamshuka. "Tumelikimbiza mno," alisema. "Vyuma vimeganda ukutani, vinazunguka na pipa tu. Havipandi vikaanguka, vitaponda vipi?"

"Basi viangushe," alisema tajiri. "Sasa hivi, au namwita Methusela." Akasimama palepale, mikono kiunoni.

Nilimhurumia mume wangu, haki ya Mungu. Alifunga kifuniko, akasogea kwenye injini, na mtaa mzima ulikuwa ukimtazama, vidole bado vina mafuta ya pilau. Shehe, ambaye mambo ya vyuma hayajui, alikuwa ameshainua mikono.

"Ewe Mola, udumishe utulivu huu aliotuletea kijana wetu."

"Amin," alisema Zubeiri, akawasha injini.

Safari hii aliiacha iende taratibu. Vyuma vikapanda na pipa hadi juu, vikaporomokea mawe, tena na tena. Sahani zikacheza mkekani. Vumbi jeupe likatua kwenye pilau iliyobaki. Jirani yangu Semeni akasema neno ambalo siliandiki.

Shehe alimtazama Zubeiri muda mrefu. Nilijua laana inakuja, nikaanza kupanga moyoni vyombo gani tutabeba na vipi tutaacha. Kisha akamtazama tajiri, aliyekuwa bado ameweka mikono kiunoni. Akainua tena mikono, akapaza sauti yake ya miaka yote.

"Mola amdumishie kijana wetu kazi yake!"

Mtaa mzima ukaitika.

Kwa kelele za pipa, Zubeiri hakusikia kitu. Nilimwambia tulipofika nyumbani.

"Waliitika wote?" aliuliza. "Hata Semeni?"

"Hata Semeni."

Akakaa kizingitini, akalia.