Uvimbe Usiotobolewa

Nakiru alijua uvimbe umerudi kabla mtu mwingine hajajua. Asubuhi moja aliinama kupuliza moto, akahisi kitu chini ya mbavu za kulia kikimsukuma kutoka ndani, kama mtu aliyelala anapojigeuza. Hakikuuma. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Hukaa kimya miaka mingi, ukakua hadi kufikia ukubwa wa kibuyu, huku mwenyewe akiendelea kuchota maji na kupasua kuni.

Alikuwa ameshapasuliwa mara mbili katika hospitali ya Lodwar. Huko wodini ndiko alikofundishwa mambo ambayo nyumbani Kakuma hayakuwa yakisemwa: kwamba ule uvimbe umejaa maji, na majini mna mbegu za mnyoo, kwamba mnyoo huo huishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa huupata kwa kula matumbo ya mbuzi mgonjwa. Mtu huupata kwa mkono usiooshwa, au kwa maji machafu, au angali mtoto mchanga anayelambwa na mbwa wa nyumbani. Huweza kuingia utotoni usionekane hadi mtu awe na watoto wake mwenyewe.

Jambo moja hakufundishwa, aliliona. Kwenye kitanda cha jirani aliletwa mwanamke wa upande wa Kerio, jina lake Nakeno. Mganga alikuwa amemtoboa tumbo kwa chuma cha moto ili maji yatoke. Mengine yalitoka, mengine yakamwagika ndani. Uso wa Nakeno ulivimba hadi macho yakafumba, akaanza kukoroma akiwa macho, na madaktari wakiwa bado wanamhangaikia, akakata roho.

Tangu aliporudi, Nakiru alimfunga mbwa wake kamba, akawa anafukia matumbo ya kila mbuzi anayechinjwa pale bomani. Alisimama kanisani akawaeleza wenzake. Walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaenda zao.

Safari hii alinyamaza. Mwanawe Ebei alikuwa na mtoto mchanga, na mkewe Abei alikuwa bado hajapata nguvu. Nakiru alitaka mtoto akae vizuri kwanza, ndipo aende Lodwar kupigwa picha ya tumbo.

Lakini Ebei mwenyewe ndiye aliyeyaanzisha mazungumzo. Alikuwa mwendesha boda boda kati ya mji na kambi ya wakimbizi, kijana wa maneno machache, na ghafla akawa anauliza. Kupasuliwa kunauma kiasi gani? Ni kweli wengine hawaamki? Nakiru alidhani ameuona ule uvimbe na anamhurumia. Akamwambia ukweli, kwamba umerudi, na kwamba haogopi. Ebei aliinamisha kichwa. Kisha akasema kuna mzee aliyefika mwaka uliopita kutoka Kainuk, anaitwa Lomunokol, ambaye huyatoa maji bila hospitali. Ebei mwenyewe alikuwa amewapeleka watu kwake kwa pikipiki.

Nakiru alimsimulia habari za Nakeno, polepole, bila kuacha kitu. Ebei alisikiliza akitazama gurudumu la pikipiki yake. Baada ya siku chache akaja na mzee Lomunokol pale nyumbani.

Hakuwa mtu wa kutisha. Sauti yake ilikuwa ya chini, mikono yake misafi, na alimsalimu kila mtu, hata mtoto. Ejok, ejok noi, njema, njema sana. Aliketi kwenye kigoda chake, akaomba kumpapasa Nakiru tumbo, na Nakiru kwa adabu akamruhusu. Vidole vyake vilijua pa kwenda. Vilifika kwenye uvimbe, vikatulia hapo.

“Maji haya yanataka njia,” akasema.

“Ukiyapa njia ya nje, mzee wangu, yanajipa na njia ya ndani,” Nakiru akajibu. “Hiyo ya ndani ndiyo inayoua.”

Lomunokol alisema amewatibu wengi, na wote waliondoka kwake kwa miguu yao wenyewe.

“Na baada ya kuondoka?”

Mzee aliinua kikombe chake. Alimaliza chai yake, akashukuru, akaaga. Ebei alimsindikiza hadi kwenye pikipiki na wakasimama hapo wakizungumza kitambo. Nakiru aliwatazama kutoka mlangoni. Akamwona mzee akinyoosha mkono, akaweka kiganja ubavuni mwa Ebei, chini ya mbavu, akakiacha hapo. Akajiambia ni namna ya wazee kuaga vijana.

Baada ya siku ile, mambo madogo yalianza kumsumbua. Ebei aliacha kubeba magunia ya makaa. Alilegeza mshipi wake. Alikula matonge machache, akasukuma sahani kwa mkewe. Nakiru alimwuliza kama anaumwa, akasema ni joto.

Mchana mmoja Abei alikuja mbio, mtoto mgongoni, akasimama mbele ya Nakiru bila kukaa.

“Mama, Ebei ameenda kwa yule mzee. Ana kitu tumboni. Alinikataza nisikuambie.”

Nakiru aliinuka palepale. Alimtuma Abei kwenye zahanati kwa Nekesa, daktari aliyetoka Bungoma, amwambie ajiandae kumpokea mtu aliyetobolewa uvimbe wa maji. Yeye alimsimamisha mwendesha boda mmoja, mwenzake Ebei, wakavuka lagga ya Tarach, mto wa msimu uliokuwa mchanga mtupu.

Alisikia harufu ya nyama iliyoungua kabla hajaingia nyumbani kwa mzee. Ebei alikuwa ameketi kwenye ngozi, ameegemea ukuta, ameshika kitambaa ubavuni. Alikuwa akitabasamu. Pembeni yake palikuwa na bakuli la maji maangavu, safi kabisa, maji ambayo mgeni mwenye kiu angeweza kuyanywa.

“Mama, tazama,” akasema. “Yametoka. Nilijua ungekataa.”

Kisha akaanza kujikuna shingo.

Alijikuna shingo, akajikuna mikono, akasema anasikia joto. Midomo yake ilikuwa inanenepa. Nakiru aliwahi kuutazama uso ukigeuka hivyo, wa Nakeno, kwenye kitanda cha jirani. Alimshika mwanawe kwapani akamwinua.

“Usiongee,” akamwambia. “Wewe pumua tu.”

Walimpandisha kwenye pikipiki, mwendeshaji mbele, Nakiru nyuma, Ebei katikati. Lomunokol alisimama mlangoni na chuma bado mkononi, akirudia kwamba wale wengine hawakufanya hivi. Njia nzima Nakiru alisikiliza pumzi ya mwanawe mgongoni mwa yule dereva. Ilikuwa inapiga mluzi, na kila mara ilichelewa kidogo zaidi kurudi.

Nekesa alikuwa amesimama nje na sindano. Alimchoma pajani hapohapo, juu ya suruali, akamlaza chini, akamchoma tena, kisha akamtundikia maji. Kwa muda mrefu hapakuwa na mabadiliko. Halafu mluzi ukapungua, na Ebei akalia kwa sauti ya mtoto. Siku hiyohiyo gari la wagonjwa lilimpeleka Lodwar.

Madaktari walimfungua na kumwosha ndani kadiri walivyoweza. Daktari aliyewaeleza Nakiru na Ebei alizungumza na wenzake kwa Kiingereza kwanza, kisha akawageukia, akasema kwa Kiswahili cha taratibu. Maji yalikuwa yamemwagika. Kila mbegu iliyobaki inaweza kuota uvimbe wake. Atameza dawa kwa miezi, apumzike, ameze tena, na atapigwa picha miaka mingi. Nakiru naye akapigwa picha. Uvimbe wake ulikuwa bado mdogo. Akaandikiwa vidonge vilevile.

Ebei alimwuliza mamake kama ugonjwa huu huisha.

“Mimi bado sijaona mwisho wake,” Nakiru akasema. “Lakini niko hapa.”

Waliporudi Kakuma, Lomunokol alikuwa ameshahama, wengine wakisema amerudi Kainuk. Ebei alipopata nguvu ya kutembea, ndiye aliyewakumbuka wale watu aliowabeba kwa pikipiki yake, na alijua kila mmoja anakaa wapi. Nakiru akasema twende kwao, tusingoje.

Wa kwanza alikuwa Lokaale, mfanyabiashara wa mbuzi. Aliwapokea kwa furaha, akawatolea viti, akamtania Ebei kwa kukonda. Nakiru alimweleza kwa nini wamekuja. Lokaale alicheka. Alisema yeye alipona kabisa, ilikuwa mwaka jana, na hajaumwa hata siku moja.

Nakiru akaomba kumwona tumbo. Lokaale, bado akicheka, akafungua vifungo vya shati lake, ambavyo vilikuwa vimekaza. Chini ya kovu dogo la moto, ngozi yake ilikuwa imeinuka, hapa na pale na pale tena.

Ebei aligeuka akatazama pembeni. Nakiru aliweka kiganja chake pale palipoinuka, kwa upole, bila kubonyeza, akamwambia Lokaale avae shati, gari la Lodwar linapita asubuhi.