Kidonge cha Chini ya Ulimi

Maumivu yalimkamata Nyangwine akipita mbele ya nyumba ya mwanawe, Marwa. Kama jiwe la kusagia limewekwa kifuani. Jasho la baridi likamtoka.

Kule mlimani kwenye boma lake la zamani asingepita hapo. Lakini tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi, na njia ya baba inapita mlangoni kwa mtoto. Mila haikuhama. Mkurya hakanyagi nyumba ya mwanawe, wala hamsogelei mke wa mwanawe, wala hasemi naye ana kwa ana.

Na huyo mke, Robi, ndiye peke yake aliyekuwapo, akipepeta ulezi. Wengine wote walikuwa kwenye shamba la kijiji.

Nyangwine alitoa kichupa mfukoni, akameza kidonge. Daktari alimwambia akiweke chini ya ulimi, lakini yeye aliona hiyo ni peremende ya watoto. Dawa ya mtu mzima humezwa.

Jiwe halikutoka. Likateremka mkono wa kushoto. Akazunguka huku na huku, asipate pa kutulia.

Robi aligeukia pembeni, akamwambia mbuzi aliyefungwa kwenye mti:

"Wewe mbuzi, mama mkwe wangu, Mama Gati, aliporudi na Baba kutoka hospitali alisema dawa ile haimezwi. Ikishuka tumboni, ini linaimaliza. Chini ya ulimi inaingia kwenye damu moja kwa moja, mishipa inalegea, moyo unapunguziwa mzigo. Na mgonjwa huketi chini."

"Mwambie mbuzi," Nyangwine alisema kwa pumzi fupi, "mimi nimesoma ngumbaru, darasa la watu wazima, hadi nikapewa cheti."

"Mbuzi anajua, Baba. Anauliza tu kama cheti kinalegeza mishipa."

Nyangwine akatazama mstari mzima wa nyumba. Hapakuwa na kivuli kingine ambacho angekifikia. Akaketi chini, akiegemea ukuta wa nyumba ya Marwa, akaweka kidonge kingine chini ya ulimi. Kikamwasha. Akakiacha. Kidogo kidogo kifua kikafunguka, kama shingo ya ng'ombe iliyolegezwa kamba, na kichwa kikaanza kugonga.

Sauti za watu wanaotoka shambani zikasikika. Akajaribu kuinuka. Nchi ikazunguka.

"Mbuzi anasema ukisimama sasa utaanguka," Robi alisema, bado amegeuka. "Na wa kukuinua hapa ni mimi."

Nyangwine akakaa.

Machage, jirani yake, akapita na jembe begani. "Mzee, leo umehamia kwa mkweo?"

"Napumua," Nyangwine akajibu. "Wewe pita."