Safu Inayopita Nguzoni

Fundi Fikirini alikuwa ameshashika kisu. Zulia jipya la chumba cha kuswalia wanawake, ghorofa ya pili ya msikiti wetu hapa Mchafukoge, ni hilo hilo moja, lenye mistari ya safu. Akilikata vibaya, basi tena.

"Ticha, mistari tufuatishe ukuta, fasta tumalize."

"Ukuta unajua kibla?" nilimuuliza. Mimi Swaumu nafundisha hesabu mwaka wa kumi na nane huu, sibabaishwi na kisu.

Mama yangu, Bi Mgeni, alikuwa kwenye kiti chake ubavuni mwa nguzo. Mguu wake mbovu haumruhusu kuinuka bila kushika nguzo hiyo, na mikeka ya zamani ilipita mbali mbele yake. Miaka miwili ameswali nyuma ya wenzake, peke yake, na iliniuma. Safari hii safu lazima ipite nguzoni.

Sakafu yetu ni ya vigae vya mraba. Kwangu hiyo ni karatasi ya grafu. Nikaanza kuhesabu konani mwa mlango, ukuta wa kushoto. Mstari wa kibla, uliochorwa kwa chaki, unapanda vigae viwili kila ukienda kulia kimoja. Mteremko mbili. Safu lazima iukate mstari huo kwa pembe mraba. Nguzo iko sita kulia, tano mbele. Nikapiga hesabu, nikavuta uzi kwa madaha.

Fikirini akachukua boksi tupu, akaweka kona yake pale uzi ulipokata chaki. Nguzo uzi uliigusa, lakini kona uliikimbia.

"Ticha, ndiyo mraba huo?"

Uso uliniwaka. Nilibadili alama, mbili ikawa hasi mbili, nikasahau kuipindua iwe nusu. Kosa lile lile ninalowagombezea Kidato cha Nne kila mwaka!

"Toa huo uzi," nikasema. Mteremko ni hasi nusu. Ili upite sita na tano, y ni nane kutoa nusu ya x. Yaani anzia ukutani kushoto, kigae cha nane; kila ukienda kulia viwili, shuka kimoja.

Uzi ukapita nguzoni. Kona ya boksi ikakaa barabara.

"Kata," nikamwambia.

Ijumaa tulijipanga. Mama alikuwa kitini, nguzo upande mmoja, mimi upande wa pili, bega kwa bega.

"Sogea kidogo mwanangu, unanibana."

Sikusogea.