Upande wa Nurdin kwenye Sinia

Jumanne moja, saa saba mchana, Kudra aliweka sinia la wali katikati ya mkeka uani kwake, Kilwa Kivinje, na binti yake Warda akapitisha birika na bakuli la kunawia. Mchuzi ulikuwa wa samaki changu kwa nazi, na pilipili moja nzima ilielea juu yake. Bakari, kaka yake Kudra, alikuwa ameshasema bismillahi na kunyoosha mkono, pale mtu mgeni alipotokea upande wa pili wa sinia, tayari ameketi, tonge mkononi.

Alivaa koti nene la kijivu, buti nyeupe za mpira na kofia ya nailoni kama zile wanazovaa watu wa viwandani ili nywele zisidondoke. Kwenye nyusi zake kulikuwa na barafu kidogo.

"Vua buti," Kudra alimwambia. "Uko juu ya mkeka."

Mgeni akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia. Warda akamsogezea birika, naye akanawa ingawa alikuwa ameshaanza kula. Kisha akaendelea, kwa mkono wa kulia, matonge madogo ya duara, bila kumwaga punje. Bakari, ambaye huwapima watu kwa ulaji wao, alimsogezea kichwa cha samaki.

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mgeni alikuwa ameketi upande wa Nurdin, na upande wa Nurdin ulikuwa na mambo yake.

Katika ukoo wa Kudra, msafiri haondolewi kwenye sinia. Mtu akiwa safarini, nafasi yake mkekani huachwa wazi, na chakula cha upande wake hakiguswi. Marehemu baba yake Kudra alipokuwa akienda Mtwara kutafuta vibarua vya bandarini, chakula cha upande wake kilibaki vilevile mpaka mwisho, kikaliwa na kuku. Lakini Nurdin, mtoto wa kwanza wa Kudra, alipokwenda Polandi, chakula chake kililiwa. Tonge lilijifinyanga, likapanda juu kiasi cha shubiri moja, likapotea. Miiba ilirudi na kupangwa ukingoni mwa sinia, kama Nurdin alivyofundishwa tangu utotoni. Kudra alitazama mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi, amefika," na kesho yake akaongeza wali.

Alikuwa amemwahidi. Pale Nangurukuru, basi likipiga honi, Nurdin alimshika mkono na kumwambia, "Mama, usije ukaacha kunitengea." Naye akajibu, "Nikiwa hai, upande wako haukauki." Ilikuwa ahadi ndogo, ya wali tu.

Miezi ya mwanzo kililiwa chakula cha mtu mmoja. Halafu cha wawili. Ramadhani ilipokwisha, upande wa Nurdin ulikuwa unamaliza nusu ya sinia, tena kwa tabia zinazogombana. Tonge moja lilikimbia pilipili, jingine likaifuata. Moja lilianza na samaki, jingine likamwacha mpaka mwisho kama mtu anayeweka akiba.

"Amenenepa mwanangu," Kudra alisema kwa furaha. "Baridi inatia njaa."

"Dada, huyu ana mikono mingapi?" aliuliza Bakari.

"Amekuwa bosi. Mabosi ndivyo wanavyokula."

Maana Nurdin, ambaye alikuwa na shahada ya ugavi na hakupata kazi ya ugavi, alisema kwenye simu kwamba huko ni msimamizi. Ofisi yake ilikuwa na joto linalotoka ukutani na kiti kinachozunguka. Akitaka kitu nyuma yake hainuki, anajizungusha. Kudra alikisimulia kiti hicho mtaa mzima. Wanawake wenzake sokoni walipoamkiana naye, waliuliza kwanza hali ya Nurdin, kisha hali ya kiti.

Mgeni alijitambulisha kuwa ni Bishnu, mtu wa Nepali. Kiswahili chake alifundishwa na Nurdin, kwa hiyo alijua vizuri maneno ya chakula na maneno ya kusikitika.

"Tonge kuja," alieleza. "Mimi njaa sana. Mimi shika tonge nguvu, hapana achia."

Bakari alitikisa kichwa kukubali. Maelezo yalijitosheleza.

Baada ya alasiri alikuja mwenyekiti wa mtaa, Mzee Abdurahmani, kuuliza mgeni ameingia nchini kwa mpaka gani.

"Kwa sinia," Kudra alimjibu.

"Sinia la nani?"

"Langu."

"Basi ni mgeni wako," alisema mwenyekiti, akauliza kama wali umebaki.

Jioni Bishnu alitoa simu yake akawaonyesha picha. Ilikuwa picha aliyopewa kwao na wakala wa safari, kabla hajauza nyati wa mama yake na kwenda Ulaya. Ilionyesha nyumba ya mawe ya ghorofa moja yenye madirisha ya matao, bahari ya buluu nyuma yake, na mbuzi mweupe amesimama mlangoni. Aliambiwa hapo ndipo wafanyakazi wanapolala.

Warda aliitazama picha, akamwambia avae kandambili. Walitembea mpaka ufukweni, kwenye magofu ya Wajerumani, wakasimama mbele ya nyumba ile ile. Sehemu ya paa ilikuwa imeanguka na mtini ulikuwa umeota kwenye ukuta, lakini matao yalikuwepo, na bahari ilikuwepo, na mlangoni alisimama mbuzi wa Mzee Abdurahmani.

Bishnu aliishika nguzo kwa viganja viwili.

"Fika," alisema. "Mimi sasa fika Ulaya."

Warda hakuwa na moyo wa kumsahihisha. Kwa siku mbili Bishnu alikwenda kila asubuhi kufagia ukumbi wa lile gofu, akiwasalimia wavuvi kwa Kipolandi. Siku ya tatu, kwa kuwa mgeni siku ya tatu hupewa jembe, Bakari alimpa jembe wakaenda kupalilia mikorosho kijijini Miteja. Bishnu alipalilia akiimba. Alisema hii ndiyo kazi aliyoahidiwa, ya nje, penye jua. Bakari alisema hajawahi kuona mtu akilifurahia jembe namna ile, akamwachia sehemu kubwa.

Ijumaa, baada ya sala, wakiwa kwenye sinia, Nurdin alipiga simu. Kudra aliweka sauti ya juu ili wote wasikie, kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Kiti hakijambo?"

"Hakijambo. Mama, upande wangu amekaa nani?"

"Mgeni wako. Tangu Jumanne. Kijana ana adabu kweli."

"Mama, tangu Jumanne hatujala vizuri."

"Hamjala kina nani?"

 Nyuma ya Nurdin walisikika watu wakikohoa, kila mmoja kikohozi cha kwao.

"Sisi, Mama."

Hapo Kudra akaliona kosa lake. Alilelewa kwamba mgeni haondolewi pale alipojikalia, kwa hiyo alimwacha Bishnu kwenye nafasi ya Nurdin asubuhi, mchana na jioni. Kumbe nafasi ile ilikuwa njia, na alikuwa ameiziba kwa ukarimu.

"Mko wangapi?"

"Pamoja na Bishnu, sita."

"Ofisini?"

"Chumbani."

"Na kiti?"

"Kiti kipo, Mama. Nakiona kila siku dirishani nikipita."

Kudra hakumgombeza. Alimwambia Bishnu, "Sogea huku, baba, ukae na mjomba," naye akasogea. Mara hiyo hiyo matonge yakaanza kunyanyuka upande wa Nurdin kwa kasi mpaka sinia likagongagonga chini, na Warda akalishikilia kwa mikono miwili lisipinduke.

Wakati wenzake wakila, Bishnu aliwaeleza. Kazi yao ilikuwa kusukuma kuku walioganda, usiku na mchana, kutoka chumba kimoja cha baridi kwenda kingine chenye baridi zaidi. "Kuku nyingi," alisema. "Kuku si ya kula. Kuku ya kusukuma." Pasipoti zao zilikuwa kabatini kwa mwenye kiwanda, kwa usalama, mpaka mkataba uishe. Kabati lilikuwa salama sana. Hakuna aliyewahi kulifungua.

"Sasa na wewe baki hapa," Bakari alimwambia. "Jembe lipo. Mbuzi ameshakuzoea."

Bishnu alitazama malengelenge ya jembe viganjani mwake, akayabonyeza moja moja kwa mapenzi.

"Wao sukuma kuku yangu," alisema. "Mimi hapana rudi, wao lala hapana."

Jumamosi alivaa buti zake. Kudra alimjazia mifuko ya koti ndimu na ng'onda, samaki wakavu wa kuchoma, akamtilia kiraka kwenye soksi. Bishnu aliketi upande wa Nurdin, akashika tonge nguvu, akafumba macho, akaondoka. Kofia ya nailoni ilibaki mkekani. Kudra aliifua kwa maji ya moto, na tangu siku hiyo akawa anachujia tui.

Warda naye alikuwa ameandikishwa kwenda Ulaya, kwa wakala anayeitwa Nikodemu, mwenye chumba cha kupanga Kilwa Masoko. Jumatatu alikwenda huko. Ukutani kwa Nikodemu kulikuwa na picha kubwa ya nyumba ya mawe yenye madirisha ya matao, na chini yake maneno: Makazi Yako Mapya.

"Hii ni Kivinje," Warda alisema.

Nikodemu aligeuka akaitazama picha.

"Huyu mbuzi namjua," Warda aliendelea. "Ni wa Mzee Abdurahmani. Alikula kanga yangu."

"Dada yangu, picha ni mfano tu."

"Mfano wa nini?"

"Wa uzuri," Nikodemu alisema, bila hasira. Alikuwa mtu mpole.

Warda alimwambia afute jina lake. Nikodemu akalifuta palepale. Kabla Warda hajafika mlangoni, kijana aliyefuata kwenye foleni, mtu wa Kivinje vilevile, alikuwa ameshaketi, na alikuwa akiuliza kama bahari ya huko ina joto la kuogelea.

Usingizi wa Kudra ulipungua, kwa sababu alikuwa na wazo. Kama Bishnu alikuja kwa kushika tonge, Nurdin naye angeweza. Safari hii aliongea na simu sikioni, peke yake, jikoni.

"Nurdin, mwanangu. Shika tonge uje."

"Nimeshafikiria, Mama."

"Sasa?"

"Nikija, nafasi yangu itajaa. Hawa watakula nini?" Alishusha sauti. "Nimewaahidi, Mama. Mpaka mikataba yao iishe. Hata Bishnu alirudi."

Kudra aliuchochea moto bila kuwa na cha kupika.

"Na wewe niahidi," Nurdin alisema. "Mkono wangu ukitokeza, usinivute. Ukinivuta nitakuja, Mama. Najijua."

"Mkono utatokezaje?"

"Niahidi tu."

"Haya. Nakuahidi," alisema Kudra, kwa sababu mtoto alikuwa mbali na alikuwa anaomba kitu kimoja.

Basi akaendelea kupakua. Alipika muhogo kwa zamu na wali, akauza mitungi miwili ya harusi yake, akaacha kula usiku kwa maelezo kwamba usiku chakula kinamkaa vibaya. Kule ng'ambo waliomba jambo moja tu, kwamba isiwe kuku.

Siku ya Idd ya kuchinja alipika pilau ya nyama. Bakari alikuja na kanzu mpya, Warda akapitisha birika. Kudra alikuwa amefinyanga kwa mkono wake tonge kubwa la Idd, lenye pande la nyama katikati, akaliweka upande wa Nurdin. Tonge lilitikisika, lakini halikunyanyuka. Lilikuwa zito. Ndipo mkono ukatokeza.

Ulitokeza mpaka kwenye kiwiko. Kwenye kifundo kulikuwa na kovu la mafuta ya korosho, la siku Nurdin alipokuwa mdogo na kuingilia moto wa kubangulia. Mengine yote yalikuwa mapya. Ngozi ilikuwa imepasuka kama matope ya mikokoni jua likiwaka, na kucha zilikuwa za buluu. Mkono ulipapasa ukitafuta tonge. Kudra akaudaka.

"Vuta!" alisema Bakari, akainuka nusu, pilau ikimdondoka kwenye kanzu. "Dada, vuta!"

Ulikuwa mwepesi. Kudra aliona kabisa jinsi ulivyo mwepesi. Alipouinua kidogo tu, kiwiko kilipita, ukaonekana ukingo wa fulana, na baridi ikamgusa usoni. Zilisikika sauti za watu wakikohoa. Mkono haukujivuta kwenda, wala haukujisukuma kuja. Ulimbana vidole vyake tu, kama pale Nangurukuru.

 Warda alikuwa ameshika birika hewani.

"Lete maji," Kudra alisema.

Warda akaleta. Maji yalikuwa na uvuguvugu. Kudra aliuosha mkono kidole kwa kidole, akaukausha kwa upindo wa kanga yake, akaupaka mafuta ya nazi kwenye nyufa. Aliulaza kiganja juu, akakiwekea tonge, akavikunja vile vidole mpaka vikashika. Halafu akaachia.

Mkono ulikaa kidogo juu ya sinia, kisha ukaondoka na tonge lake. Nyuma yake matonge mengine yakaanza kupanda, moja likikimbia pilipili, jingine likiifuata.

Bakari alikaa chini. Kudra alisukuma pilau ya upande wake, taratibu, mpaka yote ikafika upande wa Nurdin. Kisha akamwomba Warda bakuli, akanawa, ingawa alikuwa hajala.